Chupa ya Sita

Majina yalikuwa yameanikwa kwenye kamba ya nguo. Vikaratasi vidogo vyeupe, kila kimoja na kibanio chake, vilikuwa vimepangwa kati ya soksi za Baba na shuka langu, vinapepea taratibu kwenye jua la jioni. Nilisogea nikavisoma. Asidi hidrokloriki. Maji ya chokaa. Wanga. Sukari. Kostiki soda. Mwandiko ulikuwa wa Baba, herufi zimesimama wima kama watoto wanaokaguliwa kucha, ila wino ulikuwa umechuruzika kidogo pembezoni. Nilivijua vikaratasi vile vizuri sana, na nilijua kwamba mahali pake si pale.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake karibu na karo, anakamua matambara. Nikamwuliza ni vitu gani vile.

"Ni vya baba yako," akanijibu bila kugeuka. "Vilibanduka. Nikaona nisivitupe, mtoto wangu anapenda karatasi."

Jamani. Nilikaa chini palepale, kwenye ukingo wa karo, na maji yakanilowesha sketi.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari niliyosoma mimi mwenyewe. Kufundishwa na baba yako ni jambo ambalo simwombei hata adui. Ukipata alama nzuri, wenzako wanasema umenong'onezewa mezani wakati wa chakula. Ukipata mbaya, wanasema damu imechuja. Kwa hiyo mimi katika kipindi chake nilikaa nyuma, nikafunga mdomo, nikaandika. Nyumbani alikuwa Baba. Shuleni alikuwa Mwalimu Tone, kwa sababu hakuna jaribio ambalo hakulisimamia akiwa ameinamisha shingo na kusema "tone moja tu, tone moja tu." Mama, ambaye alikuwa muuguzi wa zamu na hakuwa na subira na mambo ya matone, alisema hata kumtongoza alimtongoza hivyohivyo, tone kwa tone, mpaka akachoka akakubali.

Maabara yake ilikuwa chumba cha mwisho kwenye safu ya madarasa. Aliiomba kwa miaka, akaipaka rangi mwenyewe, rafu akazipiga kwa mbao za vitanda vya zamani. Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na viti vibovu vingi kuliko vyumba. Vilirundikana nje ya ofisi yake, miguu juu, na kila alipopita karibu na maabara aliiangalia kwa jicho la mtu anayetazama kiwanja. Ilikuwa imeamuliwa kwamba Jumanne angekuja mkaguzi kusema kama chumba kile kinafaa au hakifai. Akisema hakifai, viti vinaingia, chupa zinafungwa kwenye maboksi, na sisi tunajifunza kemia kwa chaki. Nilishawahi kufundishwa kwa chaki kabla Baba hajapata chumba. Unaandika "rangi hubadilika kuwa buluu," unapiga mstari, unaenda nyumbani hujaona buluu yoyote.

Sasa, Bibi. Huyu ni mama yake Baba, na alikuwa amekuja kukaa nasi kwa muda. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi hakungoja ya tatu. Siku ile ile aliyofika alininyang'anya ufagio mkononi, akaniambia, "Mke mwenzangu, huku ni kufagia au kuliamsha vumbi?" Uchafu kwake ulikuwa kama mtu waliyegombana naye zamani. Birika letu alilisugua mpaka mkono ukang'oka, kisha akalilaumu birika.

Jumamosi ile Baba alikuwa na kikao shuleni, na Bibi akashikilia kwamba lazima aende naye akaone mwanawe anapofanyia kazi. Baba akamkalisha maabara, akamvutia kiti dirishani, akamwambia asiguse kitu. Lakini hayo ni maneno ya kumwambia mgeni, na Bibi hakujihesabu mgeni popote pale mwanawe alipo. Kikao kikarefuka, kama kawaida ya vikao. Bibi akatazama zile rafu. Akaona chupa zina vumbi mabegani, na vikaratasi vimekunjamana vimekuwa rangi ya chai. Akafikiria kwamba Jumanne watakuja watu wa nje wakute mwanawe anaishi namna ile, kama mtu asiye na mama. Akainuka. Akatafuta ndoo, sabuni na brashi.

Bahati nzuri, asidi kali zilikuwa kwenye kabati la chuma, na ufunguo wake Baba aliuvaa shingoni. Kwenye rafu zilikuwapo zile zilizochanganywa na maji mengi tu, vizibo vimekazwa. Baba aliporudi kutoka kikaoni, chumba kilikuwa kinang'aa. Chupa zilikuwa zimepangwa kwa urefu, ndefu nyuma, fupi mbele, kama kwenye picha ya harusi. Na hakuna hata moja yenye jina. Zile zenye rangi ziliweza kujitambulisha zenyewe: mrututu, ile salfeti ya shaba, kwa ubuluu wake, salfa kwa umanjano, iodini kwa ukahawia, na nitreti ya fedha kwa sababu inaogopa mwanga na ilikaa peke yake katika chupa nyeusi. Zilizobaki, vimiminika vyote vilifanana na maji, na unga wote ulikuwa mweupe kama unga.

Alinisimulia baadaye kwamba alifungua mdomo, neno likakataa kutoka. Kisha akasema, "Asante, Mama." Akaibeba ile ndoo, wakarudi nyumbani pamoja, Bibi amefunga vikaratasi kwenye pindo la nguo yake.

Jioni aliponikuta pale karoni, Baba alinivuta pembeni. Alinionya nisimwambie Bibi hata nusu neno. Kafanya kwa mapenzi, alisema, na akijua alichofanya, kesho asubuhi mzigo utakuwa mlangoni, na hatarudi tena. Nikamwuliza chupa je, na Jumanne ndiyo hiyo. Akasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya hayajamwagika, yamepoteza njia tu. Akijifungia kesho mpaka saa ya chakula atakuwa ameyajua yote. Halafu akabandua kibanio kimoja, akakishika kile kikaratasi cha sukari kwenye mwanga, na nikaona kitabasamu kinamtoka pembeni ya mdomo.

"Lakini nikifanya peke yangu," akasema, "si nitakuwa nimekula nyama nikawaachia nyinyi mifupa?"

Ndivyo alivyokuwa. Mtu nyumba inaungua, yeye anaona ni nafasi nzuri ya kufundisha moto.

Jumatatu tulipoingia maabara, chupa zilikuwa upande mmoja wa meza na sinia la vikaratasi upande wa pili. Baba akatuambia kwamba hizi ni chupa, na haya ni majina, na wamepotezana. Kazi yetu ni kuwakutanisha. Hakutaja walipotezana vipi. Akarudia sheria zake, ambazo tulizijua kama majina yetu: humu hatuonji kitu, humu hatuli, humu hatunywi, na harufu tunaipunga kwa mkono ije yenyewe, hatuifuati kwa pua. Kinanda alikuwa ameshanyoosha mkono. Huyu tulimwita Kinanda kwa sababu ukimgusa tu analia. Akataka kujua kwa nini tusumbuke na sukari ilhali Mungu katupa ulimi. Baba akamwuliza kwa upole kama angependa akumbukwe na ukoo wake kama mtu aliyegundua kostiki soda kwa ulimi. Kinanda akashusha mkono.

Tulianza na unga. Wanga ulijisaliti mapema. Tone moja la iodini, ukawa na buluu ya kuelekea nyeusi, na Kinanda akabandika kikaratasi kwa madaha kana kwamba anampa mtoto jina. Chaki tuliijua kwa siki niliyoitoa jikoni kwetu, maana palipo na asidi chaki haiwezi kutulia, inatoa mapovu. Zikabaki sukari na chumvi. Tukaziweka kwenye vijiko juu ya taa ya spiriti. Moja iliyeyuka, ikawa ya dhahabu, ikanukia mpaka tukameza mate, kisha ikawa nyeusi kama mkaa. Nyingine ilipasukapasuka kidogo, ikabaki nyeupe vilevile. Baba akatwambia tuangalie vizuri. Ile chumvi imepata joto tu, ikipoa ni chumvi ileile. Lakini sukari imeondoka, na hata tukiipoza mpaka kesho hairudi. Imekwisha kuwa kitu kingine. Nilikuwa nimeandika maneno hayo darasani mara nyingi. Siku ile ndipo nilipoyaelewa, kwa sababu nilisikia harufu yake.

Kwenye vimiminika tukahitaji karatasi za litimasi. Mnajua zinavyofanya kazi: ile ya buluu ikikutana na asidi inakuwa nyekundu, ile nyekundu ikikutana na besi inakuwa ya buluu, na isipobadilika yoyote, ujue umekutana na kitu kisicho upande wowote. Baba akafungua kiboksi cha nyekundu. Zilikuwa za buluu. Zote. Bibi alikuwa amelifuta kwa ndani kabati dogo la vifaa, lisilo na kufuli, na povu la sabuni lilikuwa limeingia kiboksini likajieleza lenyewe.

Baba aliziangalia zile karatasi, mabega yakaanza kumtetemeka. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, cheko la kwanza tangu Jumamosi. Akatuonyesha, akatuuliza maana yake nini, na darasa zima tukajibu kwamba sabuni ni besi, kwa sauti ambayo haijawahi kusikika katika kipindi cha kemia. Lakini sasa tutaipimaje besi bila karatasi nyekundu? Kinanda, mtu wa kulia ovyo, akasema polepole kwamba kama besi imezitia ubuluu, basi tuzichovye kwenye siki zirudi. Tukachovya. Zikarudi. Baba alimpa mkono wake, akautikisa kama wanavyofanya watu wazima.

Tukapima chupa moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa asidi. Mbili zilikuwa besi. Mbili hazikufanya lolote. Mimi nilikuwa nashika sinia la majina, na ndipo nilipogundua. Chupa zilikuwa sita, na vikaratasi vilivyobaki vilikuwa vitano.

Nilimnong'oneza Baba. Akatazama sinia, akatazama chini ya sinia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kimoja kimebaki kambani. Nilikuwa nimevitoa mwenyewe, hakuna kilichobaki. Uso wake ukabadilika. Baba alikuwa mtu wa kuandika "chumvi" kwenye kopo la chumvi nyumbani. Hajawahi maishani mwake kuweka chupa isiyo na jina, na sasa ilikuwapo moja, mbele ya watoto wa watu.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa. Aliingia mkuu wa shule, na nyuma yake mama mmoja mfupi mwenye miwani inayoning'inia kifuani, jalada kwapani. Mkaguzi. Amekuja siku moja kabla.

Macho ya mkuu wa shule yalikwenda moja kwa moja kwenye chupa, na niliviona viti ndani ya macho yake, miguu juu. Akasema kwa masikitiko yasiyofika mbali, "Kama unavyojionea, Mheshimiwa."

Mkaguzi akavaa miwani. "Mwalimu, chupa zako hazina lebo?"

Nilimtazama Baba. Sentensi moja tu ingemwokoa. Angesema ni mama yangu, ni mzee, hakujua, na mkaguzi angetikisa kichwa na kumhurumia. Nilikuwa naisubiri hiyo sentensi, hata mimi mwenyewe nilikuwa tayari kuisema.

"Zilibanduka," Baba akasema. "Tunazirudisha."

Mkaguzi alimwangalia kidogo. Kisha akavuta kigoda, akaketi, akatuambia tuendelee, yeye hayupo. Hayupo, na macho manne! Mikono yetu yote ikawa ya mbao.

Tuliendelea hivyohivyo. Kwenye zile asidi mbili Baba alidondosha nitreti ya fedha. Moja ikajaa wingu jeupe kama maziwa yaliyoganda, nyingine ikabaki kimya. Ya wingu ni hidrokloriki, iliyobaki ni salfuriki. Kwenye zile besi mbili tulipuliza pumzi kwa mrija. Msichana tuliyemwita Msumari, kwa wembamba wake, alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na moja ikageuka nyeupe, maana maji ya chokaa hayavumilii pumzi ya mtu. Nyingine ni kostiki soda. Zikabaki zile mbili zisizo upande wowote. Tone la fedha kwenye ya kwanza, wingu: maji ya chumvi, na kikaratasi cha mwisho kikaondoka kwenye sinia. Tone kwenye ya sita. Tukangoja. Haikufanya kitu.

Mkaguzi akainuka. "Na hii?"

Mkuu wa shule akakohoa.

"Mwalimu, wewe unajua kilichomo?"

Ingekuwa rahisi kusema ni maji. Darasa zima lilikuwa limeshaanza kukisia hivyo, hata mkuu wa shule nadhani. Baba alivua miwani, akaipangusa, akairudisha usoni.

"Sijui," akasema.

Nilimpenda sana baba yangu wakati ule, na nilitaka kumpiga teke. Mkaguzi akasema, bila ukali wowote, kwamba chumba chenye chupa isiyojulikana yeye hawezi kukipitisha. Ikijulikana kabla hajaondoka, hilo ni jambo jingine. Akaangalia darasa. Na mimi, ambaye tangu kidato cha kwanza sikuwahi kunyoosha mkono katika kipindi cha Baba ili watu wasiseme, niliuona mkono wangu uko juu.

Nilisema tumeshajua si asidi, si besi, na haina chumvi ile. Basi tuichemshe ikauke, tuone inaacha nini. Mkaguzi akanipisha mezani. Nikamimina kidogo kwenye kibakuli, Kinanda akamimina maji ya chumvi kwenye kingine, tukaviweka juu ya taa zetu tukasimama bega kwa bega kama wapishi. Cha Kinanda kilikauka kikaacha ukoko mweupe. Changu kilikauka kikabaki kisafi kama kilivyotoka kabatini.

"Spiriti nayo haiachi kitu," mkaguzi akasema.

Alisema kweli. Nikatazama rafu, na macho yakaangukia mrututu, ubuluu wake umekaa pale kama unanisubiri. Nikachota kidogo kwenye kibakuli kikavu nikakipasha. Mrututu una maji ndani yake, yamejificha kwenye fuwele, huwezi kuyaona wala kuyakamua. Lakini ukiupasha moto yanaondoka, na yakiondoka yanaondoka na rangi. Buluu ikapauka, ikawa ya majivu, ikawa nyeupe kabisa. Nikazima taa. Nikangoja kipoe, na huo ulikuwa muda mrefu kuliko vikao vyote vya walimu. Nikafyonza kutoka chupa ya sita kwa kidondoshi, nikakisogeza juu ya ule weupe.

"Tone moja tu," sauti ikamtoroka Baba nyuma yangu.

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi pia, nilimwona. Nikabonyeza. Tone likaanguka, na pale lilipoanguka buluu ikarudi, ikatambaa, ikaenea, na kibakuli kikanipasha joto vidoleni.

"Ni maji," nikasema. "Maji matupu."

"Maji ya nani?" mkaguzi akauliza, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuuliza.

"Ya mwanangu."

Tuligeuka wote. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, chupa nyingine ya maji mkono mmoja na kikombe mkono wa pili, anahema kidogo kwa sababu ya mwendo. Baba alikuwa ameondoka asubuhi bila kunywa chochote, na Bibi hakuwa mtu wa kuliacha jambo kama hilo lipite. Akaingia, akatupita sote, mkuu wa shule akiwamo, akaenda kusimama mbele ya mwanawe.

"Mbona hujayanywa? Nilikuwekea Jumamosi. Ni ya mvua, nimeyachemsha nikayachuja, na chupa nilitoka nayo nyumbani. Mtu anashinda anaongea, koo limkauke, chupa zote hizi na hana hata maji."

Hakuna aliyecheka. Baba alimwangalia mama yake, akaiangalia chupa ya sita.

"Mama," akasema, "humu ndani hatunywi kitu."

"Basi toka nje unywe."

Mkaguzi akajifunika uso kwa jalada. Na Baba akatoka. Mwalimu Tone mzima, chaki kwenye mikono ya shati, akavuka kizingiti akasimama uani, na Bibi akammiminia kutoka ile chupa ya mkononi. Alisimama naye mpaka akamaliza, akakipokea kikombe, akakiinamisha kuhakikisha hakuna kilichobaki. Sisi sote tulikuwa tumejipanga dirishani, mkaguzi katikati yetu, tunamtazama mwalimu wetu akinywa maji.

Mkaguzi aliandika kwa muda. Kisha akamwambia mkuu wa shule kwamba viti avitafutie mahali pengine. Akaongeza kwamba mambo ya kunywa yasiingie tena kwenye rafu, na kwamba haondoki mpaka aone lebo zimekaa, zote sita. Tulibandika zile za zamani, zilizokauka zimejikunja pembe, na gundi ikatujaa mikononi. Ya sita hatukuwa nayo. Baba akakata kikaratasi, akachukua kalamu yake, akaandika kwa zile herufi zake zilizosimama wima, akakibandika mwenyewe.

Mchana nilimsindikiza Bibi nyumbani. Alinishika mkono, tukatembea polepole kwa ajili ya goti lake, na mimi nilikuwa nazungumza mvua na jua, chochote, ili asiulize kuhusu vikaratasi. Akaniacha nijichoshe. Tulipofika kwenye kona ya kwetu ndipo aliposema kwamba alijua tangu Jumamosi.

Nikasimama. Nikamwuliza alijuaje.

"Mtu akikuambia asante kwa sauti ile, ujue umemvunjia kitu," akasema. "Kusoma mimi sijui, mke mwenzangu. Sikujua kipi ni cha wapi. Nikaona angalau nivikaushe." Tukapiga hatua kidogo. "Na amenyamaza mpaka leo. Hata mbele ya wakubwa wake amenyamaza." Akacheka peke yake, cheko la chini chini la mtu aliyeshinda. "Yule nilimzaa vizuri."

Aliendelea kukaa nasi miaka mingi baada ya hapo, na hatukuzungumzia tena jambo lile, ila kila Baba alipomwambia asante, alimsikiliza kwanza kwa makini ndipo anaitika. Sasa hayupo. Baba amestaafu, siku nyingine huja kukaa nyuma ya darasa langu, kwa sababu chumba kile sasa ni changu, na nikiwa katikati ya jaribio namsikia ananong'ona neno lake lilelile, na wanafunzi wanabanana mbavu.

Chupa bado iko kwenye rafu, ya mwisho kulia. Kila masika naimwaga na kuijaza maji mapya ya mvua. Lebo yake nimeigeuzia ukutani, nayo inasema: Maji. Ya Mama. Kila mwaka nawapa kidato cha tatu chupa ile nikiwa nimeifunika jina, nawaambia wanitafutie kilichomo. Wanaanza na karatasi, haibadiliki. Wanadondosha fedha, hakuna wingu. Wanakata tamaa mapema, kama sisi, na daima yupo Kinanda mmoja anayetaka kuonja. Nangoja. Halafu kuna mmoja, mara nyingi wa nyuma, asiyesemaga, atautazama mrututu kwenye rafu, na mkono wake utaanza kupanda.

Buluu ikirudi, wanapiga kelele mpaka mkuu wa shule anakuja kuchungulia. Nawaacha washangilie. Kisha nawafungulia mlango, nawaambia watoke nje wakanywe maji.